Kifusi cha Bweni

Bati la asbestosi haliungui. Linapasuka. Saruji yake huwa na unyevu ndani, na moto mkali ukilifikia ghafla, unyevu ule hugeuka mvuke usio na pa kutokea. Bati likafumuka kama punje ya bisi na vipande vyake vikaruka mbali kuliko mtu anavyodhani. Usiku bweni la wavulana la shule moja ya sekondari huku Nyanda za Juu Kusini lilipowaka, watu wa kijiji cha bondeni walijifungia ndani wakiamini wanasikia risasi. Wanafunzi wote walikuwa madarasani, kwenye prepo. Hakuna aliyeungua. Kwa hilo tulimshukuru Mungu kabla ya jambo lingine lolote, na mpaka leo namshukuru.

Wakati huo nilikuwa afisa afya katika wilaya ile. Nilipofika asubuhi kuta zilikuwa bado zimesimama, kenchi za mlingoti zimeanguka zote, na sakafu imejaa majivu yaliyochanganyika na vipande vya bati, vingine vya ukubwa wa sinia, vingine vya ukubwa wa kucha. Ilikuwa kiangazi, upepo wa Agosti unavuma kutoka milimani. Nje ya ukuta walikuwa wamekusanyika kina mama wa kijiji na ndoo na mafagio, wanaume na majembe na toroli. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza msaragambo tangu alfajiri. Mkuu wa shule, mama mmoja mpole aliyekuwa hajalala, alinishika mkono akasema, "Bwana Afya, tusaidie tusafishe upesi. Kidato cha nne wana mtihani Novemba, na hawa watoto hawana pa kulala."

Pembeni, vijana wa kidato cha kwanza walikuwa wameokota vipande vya bati na kuandikia majina yao kwenye sakafu ya baraza. Vinaandika vizuri, kama anavyojua kila aliyesoma katika shule zenye mapaa hayo. Mmoja alikuwa anafuta alichoandika kwa mkono, anapuliza vumbi, anaandika tena.

Mambo mengi niliyojifunza siku zile yalianzia pale, kwenye wema wa watu. Hakuna aliyekuja kwa nia mbaya. Walikuja kwa sababu kwetu jirani akiunguliwa hangojwi kuomba. Na fagio la jirani mwema, kwenye majivu makavu ya paa la asbestosi, linaweza kumfikishia mtu mapafuni vumbi jingi kuliko moto wenyewe uliolilipua lile paa.

Asbestosi ni jina la madini ya mwamba yanayochambuka kuwa nyuzi. Kuna nyeupe, kuna ya kahawia na kuna ya bluu, na katika mapaa iliyotumika zaidi ni nyeupe, inayoitwa krisotile. Katika bati la kawaida la saruji nyuzi huwa kama asilimia 10 hadi 15; sehemu inayobaki ni saruji. Bati zima, lililotulia juu ya kenchi na halijachakaa, halimdhuru mtu aliyelala chini yake. Hatari huja linapokatwa, kutobolewa, kuvunjwa au kusagwa, kwa sababu hapo nyuzi hutengana, na uzi mmoja ukiutenga na wenzake ni mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni, kitambaa hakiuzuii, na katika chumba kisicho na upepo unaweza kuelea kwa saa nyingi kabla haujatua. Ukivutwa ndani kabisa ya pafu, mwili hauna njia ya kuuyeyusha. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi husababisha saratani, na linakadiria kuwa vifo zaidi ya 200,000 kila mwaka hutokana na watu kuivuta kazini.

Niliyaeleza haya nimesimama juu ya benchi la bustani, kwa sauti, na niliona nyuso hazikubali. Palepale mwalimu wa kemia akanyoosha mkono. Alikuwa kijana makini na swali lake lilistahili jibu. Alisema amesoma kwamba krisotile ikipashwa joto la nyuzi 600 hadi 800 za Selsiasi hupoteza maji yake na muundo wake, ikawa madini mengine yasiyo na nyuzi zile. Je, moto haujatumalizia kazi?

Alichosema ni kweli. Lakini moto wa jengo haupiki paa lote sawasawa. Nilimwomba tuzunguke naye upande ule upepo unakotoka. Nyuma ya jiko la shule, mbali na bweni, kwenye matuta ya mchicha, kulikuwa na vipande vilivyoruka mwanzoni kabisa, mara bati lilipoanza kupata moto. Havikuwa hata na masizi. Vilikuwa asbestosi ileile iliyotoka kiwandani, ila sasa kingo zake zimechanika na nyuzi zimejitokeza. Na bati lililokaa motoni muda mrefu huwa limepauka na kulainika hata unaweza kulifikicha kwa vidole, na humo ndani ziko sehemu zilizoiva na zisizoiva. Kwa macho huwezi kuzitenga. Tangu siku ile mwalimu yule alikuwa mkono wangu wa kulia, na wazazi waliokuja wakisema sumu imeungua ni yeye aliyewaelewesha.

Aliyeugeuza mkutano, hata hivyo, alikuwa mzee mmoja fundi. Alikuja mbele na bakora yake, akanitazama kwanza, kisha akawageukia wenzake. Alisema yeye ni miongoni mwa waliopaua bweni lile miaka ya 1970. Mabati waliyakata kwa msumeno, wakayatoboa kwa keke, na jioni wakarudi nyumbani weupe tangu kichwani mpaka miguuni. "Mwanangu, sisi hatukuambiwa neno," alisema. "Nguo zile mke wangu ndiye alikuwa anazikung'uta kabla ya kuzifua." Akanyamaza kidogo. Kisha akawaambia kina mama warudishe mafagio.

Sikumwambia mzee yale niliyoyajua kuhusu nguo zile, maana hayakuwa na faida kwake saa ile. Lakini msomaji ayajue. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, wengi wao kutoka maeneo ya machimbo ya asbestosi ya bluu katika jimbo la Cape, Afrika Kusini. Kilichoushtua ulimwengu wa tiba ni kwamba wengine kati yao hawakuwahi kuchimba. Waliishi tu karibu na machimbo, baadhi wakiwa watoto. Miaka 5 baadaye Newhouse na Thompson wakaonyesha jambo hilohilo London: miongoni mwa wagonjwa walikuwamo watu ambao kosa lao pekee lilikuwa kuishi nyumba moja na mfanyakazi wa kiwanda, na kina mama waliofua nguo zake za kazi. Ndiyo maana katika kazi hii nguo ni jambo kubwa kuliko hata koleo.

Basi msaragambo tukaufanyaje? Kuwaambia watu waende makwao wakae ni kuwavunja moyo, na mtu aliyevunjwa moyo mchana hurudi usiku kuchukua bati mbili tatu za kuezekea banda la kuku. Tulikaa na mwenyekiti tukagawa kazi upya, zote zikiwa upande wa juu wa upepo. Wengine walichota maji, kwa sababu kazi hii inakula maji kuliko ujenzi. Wengine walikwenda kwenye eneo la dampo lililopimwa na halmashauri, mbali na visima na mto, wakachimba shimo lenye kina cha kumpita mtu. Wakulima wa parachichi walileta mabomba yao ya mgongoni ya kupulizia dawa, yakaoshwa vizuri. Kina mama wakachukua jukumu la kuwalisha wanafunzi waliohamishiwa madarasani. Hakuna aliyerudi nyumbani akiona mkono wake umekataliwa.

Kwenye kifusi chenyewe waliingia watu wachache, wote watu wazima, chini ya mtaalamu aliyesomea kazi hiyo. Na hapa sina budi kueleza jambo lililoniudhi. Mkandarasi wa kwanza aliyefika alikuwa na barakoa chache zenye vichujio vinavyofaa, na alizigawa kwa wasimamizi waliosimama nje ya utepe. Vijana wa kibarua, waliotakiwa kubeba, walipewa vitambaa vya kufunga puani. Nilipouliza, nikaambiwa vibarua ni wa siku chache tu. Niliisimamisha kazi mpaka barakoa za kutosha zilipoletwa. Nimeona mpango huo mahali pengine pia, na kila mara nasema vilevile: barakoa ni ya anayegusa. Anayesimama mbali akitoa maagizo anaweza kusogea mbali zaidi.

Barakoa hizo nazo hazina kazi zisipobana uso. Mtu mwenye ndevu, hewa hupita pembeni pasipo kuchujwa. Miongoni mwa wafanyakazi alikuwamo mmoja aliyefuga ndevu kwa ajili ya dini yake, na hakuna aliyemshurutisha kunyoa. Alipewa kazi ya kusimamia maji na kuhesabu mifuko nje ya mpaka, akaifanya kwa uaminifu kuliko mtu yeyote.

Kazi yenyewe inataka utulivu, na mtu anayeitazama kwa mbali ataiona ya kizembe. Kwanza ni maji yenye sabuni kidogo, kwa sababu sabuni huyasaidia kupenya kwenye vumbi. Yanapulizwa kama ukungu. Mpira wenye nguvu haufai kabisa, unatawanya kile unachotaka kukilaza. Kifusi kikishalowa, vipande vikubwa huokotwa kwa mkono kimoja kimoja, vinapangwa juu ya nailoni nzito na kufungwa vikiwa vizima. Havivunjwi ili vienee kwenye mfuko, haviburutwi, havirushwi juu ya lori. Vidogo na majivu huzolewa kwa koleo taratibu vikiwa bado vimelowa, vikaingia kwenye mfuko mmoja, na mfuko ule ukafutwa na kuingizwa kwenye mwingine wenye alama ya hatari. Kifusi kikikauka, unasimama, unapuliza tena. Mwisho kuta hufutwa kwa matambara mabichi, na matambara hufuata mifuko. Udongo wa juu kuzunguka jengo hukwanguliwa nao ukaenda. Maji yaliyotiririka tulikuwa tumeyachimbia mfereji wenye magunia ya kuchujia, na tope lililobaki kwenye magunia likahesabiwa kuwa ni kifusi.

Wakati wa kutoka ndipo wengi hukosea. Mtu amechoka, ana joto, na kitu cha kwanza anachotaka kuvua ni barakoa. Inatakiwa iwe ya mwisho. Ovaroli inalowanishwa ikiwa mwilini, inavuliwa kwa kukunjwa nje ndani, inatupwa mfukoni, gambuti zinaoshwa, mtu anaoga, na barakoa inatoka akiwa tayari yuko chini ya maji. Hakuna nguo inayokwenda nyumbani. Kila jioni nilisimama mlangoni kuhakikisha, na kila jioni nilimfikiria mke wa yule mzee fundi.

Lakini kifusi cha bweni hakina bati peke yake. Kina matranka. Mtoto wa shule ya bweni maisha yake yote yamo kwenye tranka: sare, madaftari, barua za nyumbani, picha ya marehemu mama, akiba ya nauli. Siku ya pili wavulana walijipanga kwenye utepe, hawasemi, wanatazama tu. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu naye alikwishafika na mizani, anataka vitanda. Ilikuwa rahisi kutoa amri kwamba kila kilichomo kizikwe. Miongozo mingi hulalia upande huo na usalama wake unaeleweka. Mtaalamu wetu alikuwa na moyo wa kutofautisha. Chuma hakinyonyi. Tranka lililofungwa likabaki limefungwa linaweza kuoshwa nje kwa maji na tambara, likakaushwa, likafunguliwa mahali safi. Vitanda vya chuma vilioshwa upau kwa upau kabla ya kumfikia mwenye mizani. Magodoro, mablanketi, nguo zilizokuwa kwenye kamba, vitabu vilivyofunguka, havikuokolewa, kwa sababu nyuzi zikishaingia kwenye kitambaa hakuna namna ya uhakika ya kuzitoa katika mazingira yetu.

Yapo matranka yaliyopasuka kwa joto. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu aliniomba nimruhusu achukue kitu kimoja tu kutoka lake. Nilimkatalia. Mtaalamu alilitazama akiwa amevaa barakoa yake, akakiona chenyewe: medali ya chuma ya mbio, ya kaka yake aliyefariki. Ikaoshwa, ikatolewa. Nimeitaja kwa sababu watu wakiona kwamba kanuni zako zinatofautisha chuma na blanketi, watakuamini unapokataa blanketi.

Wazazi walianza kufika, na swali lao lilikuwa moja. Mama mmoja aliyesafiri usiku kucha alinivuta kando. "Baba, niambie kweli. Mwanangu alivuta moshi ule. Atakufa?"

Nimewaona wataalamu wakijibu swali hilo kwa namna mbili, na zote mbili naziona ni kumkosea mama. Wako wanaosema hakuna tatizo kabisa, ili aondoke. Wako wanaosema uzi mmoja unatosha kuua, wakidhani hofu italeta tahadhari. Nilimwambia ninachokijua. Wengi waliougua ni watu waliovuta vumbi hili siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Usiku mmoja, kwa mtoto aliyekuwa darasani na kisha akakaa mbali, huongeza hatari kidogo sana, ingawa hakuna kiwango ambacho sayansi imekithibitisha kuwa ni salama kabisa. Hakuna picha ya eksirei ambayo angepigwa leo ikaonyesha chochote, kwa hiyo asipoteze fedha yake. Jambo moja lililo mikononi mwao ni sigara: mtu aliyevuta asbestosi na anayevuta sigara hatari yake ya saratani ya mapafu hupanda sana kuliko ya mwenye moja kati ya hayo mawili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nguo alizokuwa amevaa mwanawe usiku ule bado anazo. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa, na jioni ile tulizikusanya nguo zote za waliokuwa wamekimbilia bwenini kuzima moto.

Lipo jambo la New York ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu kabla ya kazi hii. Majengo mawili ya World Trade Center yalipoporomoka tarehe 11 Septemba 2001, lile la kaskazini lilikuwa na asbestosi katika ghorofa za chini. Wiki moja baadaye mkuu wa shirika la mazingira la Marekani, Christine Todd Whitman, aliwatangazia watu kwamba hewa ni salama kuvuta. Mwaka 2003 mkaguzi wa shirika hilohilo akaandika kwamba wakati ule hazikuwapo takwimu za kutosha kusema hivyo. Katika lile vumbi kulikuwa na mengi zaidi ya asbestosi: saruji iliyosagika, vioo, risasi. Waliofukua kifusi waliugua kwa maelfu, na sheria ya kuwatibu ilitiwa saini Januari 2011. Na hata hapo, anayedai matibabu hana budi kuonyesha kwamba alikuwapo, mahali fulani, kwa muda fulani. Nchi yenye kumbukumbu za kila kitu, na bado watu walihangaika kutafuta shahidi wa kusema kuwa walishika koleo.

Magonjwa ya asbestosi huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza, wakati mwingine zaidi. Mvulana wa miaka 17 wa bweni lile, kama ataugua, ataugua akiwa mtu mzima mwenye wajukuu njiani, labda Mwanza, labda Mtwara, mbele ya daktari ambaye leo hajazaliwa. Daktari yule atauliza amefanya kazi gani maishani, naye atasema mwalimu, au dereva. Hatakumbuka paa. Kwa hiyo tulifungua daftari. Tuliandika majina ya waliozima moto, walioshika kifusi kabla hatujazuia, walioandikia vipande barazani, na waliofanya kazi ndani ya utepe, pamoja na kazi na tarehe ya kila mmoja. Nakala moja ikabaki shuleni, moja hospitali ya wilaya, na kila aliyeandikwa akapewa karatasi yake. Shimo la dampo nalo likaingizwa kwenye ramani ya ardhi ya halmashauri, likawekewa kibao, maana mtu akija kuchimba msingi pale baada ya sisi sote kuondoka, hatakuwa na wa kumwuliza.

Kuna waliosema daftari lile ni kuwatia watu wasiwasi. Siwaelewi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, na ya Usimamizi wa Mazingira tangu 2004; si nchi isiyojua. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi yenye jina la mtu mdogo.

Shule ile ilibaki na mabweni mengine mawili na bwalo, vyote vimeezekwa mabati yaleyale ya miaka ileile, na waya za umeme zinapita chini yake. Bati zima ni kazi ndogo: unalilowanisha, unafungua boliti bila kutoboa, unalishusha kwa kamba likiwa zima, unalifunga. Hakuna majivu ya kukwangua wala tranka la kuosha. Tuliandika barua, mkuu wa shule, mwenyekiti, mwalimu wa kemia na mimi, tukaambatanisha hesabu ya gharama za kifusi na makadirio ya kubadilisha paa kabla halijaungua. Halmashauri ilianza na bweni la wasichana. Mzee fundi aliomba awepo siku ya kushusha, na tulimwekea kiti upande wa juu wa upepo, karibu na mapipa ya maji, akawa anawaonyesha vijana kwa bakora yake boliti zilikofichwa.